Miaka 18 Si Mwisho wa Malezi



Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii tumeirithi kutoka kwa wazee wetu, na hakuna hata mmoja wao aliyeiongezea maneno "mpaka mtoto atimize miaka 18". Hata hivyo, kwa mtoto ambaye wazazi wake wametengana, siku ya kutimiza miaka hiyo yaweza kuwa siku ya wasiwasi. Watoto wengine huingojea siku yao ya kuzaliwa kwa furaha. Yeye huingojea akijua kwamba siku hiyo mzazi anayeishi mbali, ambaye amekuwa akitoa matunzo kwa amri ya mahakama, anaweza kunyosha mikono na kusema: "Nimemaliza."

Katika toleo hili tumeona vema kulitafakari neno hilo. Ni nani aliyemaliza, naye amemaliza nini? Je, sheria ya nchi inamruhusu kusema hivyo? Na hata kama sheria ingemruhusu, je, dhamiri yake inamruhusu? Tunaandika kwa ajili ya wazazi wenyewe, na pia kwa ajili ya wazee wa jumuiya, wajumbe wa halmashauri za walei na wote wanaoitwa kusuluhisha ndoa zilizovunjika, kwa maana mara nyingi ninyi ndio mnaoulizwa kabla ya hakimu.

Sheria inasemaje?

Kwa Tanzania Bara, sheria mbili ndizo zinazohusika zaidi. Ya kwanza ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo ilimpa baba wajibu wa kuwapatia watoto wake makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake, awe anaishi nao au wawe mikononi mwa mtu mwingine. Ya pili ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hii inamtambua kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Inayataja matibabu pamoja na chakula, malazi, mavazi na elimu. Tena inaitaka mahakama, inapopanga kiasi cha matunzo, itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mzazi, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Mtoto, ya mwaka 2011.

Kuhusu ukomo wa matunzo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mambo matatu, nasi tunaomba wasomaji wetu wayashike yote matatu, si moja tu.

La kwanza ni lile linalojulikana na wengi: amri ya matunzo hukoma mtoto anapotimiza miaka 18. La pili ni kwamba amri hiyo yaweza kukoma hata kabla ya umri huo, endapo mtoto amepata ajira ya kumpatia kipato. La tatu, ambalo halisemwi sana vijiweni wala katika vikao vya ukoo, ni kwamba mahakama inaweza kuiendeleza amri ya matunzo baada ya miaka 18, ikiwa kijana bado yuko masomoni au katika mafunzo. Maombi ya kuiendeleza yanaweza kupelekwa na mzazi, na mtu anayeishi na kijana huyo, au na kijana mwenyewe.

Basi yule anayesema "sheria imesema 18" amesema kweli nusu, na nusu ya kweli huweza kumwumiza mtoto kuliko uongo mzima. Sheria imejenga ukuta penye miaka 18, lakini katika ukuta huo imeacha mlango. Mlango huo haufunguki wenyewe. Hufunguliwa kwa anayebisha. Neno lililotumika ni "inaweza", wala si "lazima". Mahakama haitamfuata kijana nyumbani kumwuliza kama bado anasoma. Asiyejua kwamba mlango upo hatabisha hodi kamwe.

Hesabu ya sheria na hesabu ya shule

Ili tuone uzito wa jambo hili, tufanye hesabu pamoja. Vijana wengi wa leo wamepitia mfumo wa miaka 7 ya shule ya msingi, miaka 4 ya sekondari ya kawaida, na miaka 2 ya kidato cha tano na cha sita. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7 hutimiza miaka 18 katika mwaka wake wa kidato cha nne au mara baada ya kuumaliza. Hapo hajafika chuo cha ufundi, wala chuo cha ualimu au cha uuguzi, wala chuo kikuu.

Tuchukue mfano. Binti amezaliwa Machi 2007 na kuanza darasa la kwanza Januari 2014. Mwishoni mwa 2020 anamaliza la saba. Novemba 2024 anafanya mtihani wa kidato cha nne. Mapema mwaka 2025 matokeo yanatoka, amefaulu, na nyumba nzima inamshukuru Mungu. Machi mwaka huohuo anatimiza miaka 18, na amri ya matunzo inakoma. Julai anatakiwa kuripoti kidato cha tano katika shule ya bweni iliyo mkoa mwingine. Fomu ya kujiunga inataka godoro, shuka, sare, viatu, madaftari, ndoo, na fedha ya michango. Kuna nauli ya basi ya kwenda, na nauli ya kurudi likizo. Mama yake anauza mboga sokoni. Baba yake, aliyekuwa akituma fedha kila mwezi kwa miaka yote hiyo, hatumi tena, na akipigiwa simu anajibu kwamba binti yake ni mtu mzima sasa.

Hatukumtaja mtu yeyote katika mfano huu, lakini tunaamini kwamba wapo watakaousoma na kudhani tumewaandika wao.

Wengine watasema: Serikali imekwisha kufuta ada. Ni kweli, nasi tunaishukuru. Ada ya shule za Serikali iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaondolewa pia kwa kidato cha tano na cha sita. Lakini ada si mzigo wote. Mtoto hafiki shuleni kwa tangazo la Serikali. Anafika kwa nauli. Wala halali juu ya waraka. Analala juu ya godoro. Hata katika elimu ya juu, Bodi ya Mikopo hukopesha, na mkopo ni deni ambalo kijana atalilipa mwenyewe kesho. Si kila anayeomba hupata, na si kila anayepata hupata wa kutosha. Mahali mkopo unapoishia ndipo mzazi anapohitajika.

Kwa hiyo matunzo hukoma wakati uleule ambao gharama zinapanda. Kumsomesha mtoto kwa miaka 11 na kumwacha katika mwaka wa 12 ni sawa na mkulima aliyelima, akapanda, akapalilia, kisha akaondoka shambani mahindi yakiwa yanabeba.

Namba hubaki nyuma ya maisha

Historia ya nchi yetu yatufundisha kwamba namba iliyoandikwa katika sheria yaweza kuachwa nyuma na maisha ya watu. Sheria ya zamani iliyohusu matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilitungwa mwaka 1949, wakati wa ukoloni. Kiwango cha juu ambacho mama angeweza kupewa chini ya sheria hiyo kilibaki kwa miaka mingi kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Huenda wakati fulani fedha hiyo ilikuwa na maana. Ilipofika wakati wa kufutwa kwa sheria hiyo kupitia Sheria ya Mtoto ya 2009, shilingi 100 haikutosha hata kununua mkate mmoja. Hata hivyo palikuwapo wanaume walioweza kujitetea kwa namba hiyo na kujiona wenye haki.

Yaliyotokea kwa shilingi 100 yasitokee kwa miaka 18. Hatusemi kwamba umri huo hauna maana. Ndio umri wa kupiga kura, na hata Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unamhesabu aliyetimiza miaka 18 kuwa mtu mzima. Lazima sheria iweke mpaka mahali fulani, la sivyo kesi hazitakwisha. Tunachosema ni kwamba mpaka wa amri ya mahakama si mpaka wa wajibu wa mzazi. Hakimu huacha kulazimisha. Baba na mama hawaachi kuwa baba na mama.

Kanisa lenyewe limelizingatia jambo hili. Katika Mkusanyiko huohuo, Kanuni ya 1154 inaagiza kwamba wanandoa wanapotengana, sharti sikuzote ifanyike mipango inayofaa kwa ajili ya riziki na malezi ya watoto. Msomaji aitazame vizuri kanuni hiyo: haikuandikwa ndani yake umri wowote. Imetaja mahitaji ya watoto. Mahitaji yanapokuwapo, mipango iwepo.

Tuyasikie malalamiko ya pande zote

Haki haipendelei. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuyasikia pia malalamiko ya wazazi wanaotoa matunzo, maana si wote wenye mioyo migumu.

Yuko baba asemaye: "Nina familia nyingine, nina watoto wadogo, kipato changu ni kidogo." Tunamwambia kwamba sheria inamsikia. Mahakama hutakiwa kutazama kipato chake na mzigo wa watoto wengine, na kipato cha mama pia. Aende aeleze hali yake, apunguziwe kwa haki, badala ya kukata mguu kimyakimya. Mtoto wa kwanza hakuacha kuwa mtoto kwa sababu amezaliwa wa pili.

Yuko asemaye: "Natuma fedha, lakini sijui zinafanya nini. Mtoto aliacha chuo, nami sikuambiwa." Malalamiko haya nayo ni ya haki. Mzazi anayetoa fedha ya masomo ana haki ya kuona matokeo ya masomo. Mama au mlezi anayeficha kwamba kijana ameacha shule, au kwamba amekwisha kupata kazi, anaiba. Na ubaya wake ni kwamba anaharibu pia imani ya wazazi wengine walio tayari kutoa. Kijana naye ajue kwamba mlango ulioachwa na sheria ni wa anayesoma, si wa anayeshinda kijiweni.

Yuko tena asemaye: "Watoto hao wamefundishwa kunichukia." Fahali wawili wapiganapo, nyasi ndizo huumia. Iwapo mama amemfundisha mtoto chuki, amekosa. Lakini matunzo si zawadi ya upendo, wala si nauli ya kumwona mtoto. Mtoto hali chakula kwa sababu ana adabu. Anakula kwa sababu ana njaa.

Jambo moja lazima tulitahadharishe kwa nguvu. Tumeona kwamba ajira ya mtoto yaweza kuikomesha amri ya matunzo hata kabla ya miaka 18. Mzazi asiligeuze jambo hili kuwa njia ya kukwepa, akamtafutia binti wa miaka 15 kazi za ndani mjini, kisha akadai kwamba sasa "anajitegemea". Kwa maoni yetu, kibarua cha likizo cha kununulia madaftari si ajira, na mtoto anayefanya kazi kwa sababu matunzo hayajaletwa asihukumiwe kwa kufanya kazi.

Wasiotajwa mlangoni

Kuna kundi lingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mlango ulioachwa na Sheria ya Mtoto ni wa masomo na mafunzo. Je, kijana mwenye ulemavu mkubwa, asiyeweza kwenda chuo wala kujipatia riziki, atapita wapi? Yeye akitimiza miaka 18 haondoki kitandani kwa sababu kalenda imebadilika. Mama aliyemwogesha jana atamwogesha na leo, naye mara nyingi ni mama peke yake.

Jirani zetu wa Kenya walilitazama jambo hili kwa upana zaidi. Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2001 iliiruhusu mahakama kuendeleza wajibu wa mzazi baada ya miaka 18 pale penye mazingira maalumu, na miongoni mwa hayo ilitaja ulemavu na ugonjwa pamoja na elimu. Sheria mpya ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake haikuufunga mlango huo. Aidha, Katiba yao ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wamefunga ndoa au hawakufunga. Tunawasihi wabunge wetu wajifunze hapo. Kuongeza maneno machache katika sheria, yanayomtaja kijana mwenye ulemavu na mwenye maradhi ya kudumu, kungeondoa machozi mengi.

Tufanye nini?

Kwanza, katika usuluhishi. Sheria ya Ndoa inataka mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kufikishwa mahakamani kwa ajili ya talaka, na wengi wetu tumeketi katika mabaraza hayo au katika vikao vya familia vinavyofanana nayo. Tunapoona kwamba wawili hawa hawatarudiana, tusiinuke kabla hatujauliza habari za watoto. Makubaliano yaandikwe, wala yasiishie kwenye maneno "atatoa matunzo ya watoto". Yaandikwe kiasi gani, kwa njia gani, na mpaka lini. Na mahali pa "mpaka lini" tuwashauri wazazi waandike: "hadi mtoto atakapomaliza masomo au mafunzo yake". Wino kidogo siku hiyo utazuia kesi ya baadaye.

Pili, katika kukumbushana. Kila jumuiya ndogondogo inawajua watoto wake. Kijana wa wazazi waliotengana anapokaribia miaka 18, mtu mmoja mwenye busara amwite mzazi anayeishi naye na kumweleza kwamba mlango upo. Wasisubiri mpaka fedha zikatike. Watayarishe barua ya kujiunga na shule au chuo, fomu yenye mahitaji, na nakala ya amri ya mahakama, kisha wamwone afisa ustawi wa jamii au msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kazi yao ni kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Tatu, katika upatanisho. Si jambo jepesi kwa kijana wa miaka 18 kusimama mahakamani dhidi ya baba yake mzazi. Hata akishinda, huenda akapata fedha na kumpoteza baba. Kwa hiyo wazee wa jumuiya watangulie. Waende wawili au watatu kwa mzazi huyo, kwa heshima na bila kelele, wamwonyeshe matokeo ya mtoto na fomu ya shule. Wengi husema "nimemaliza" kwa sababu hawajaiona fomu hiyo. Lakini mazungumzo yakishindikana, kijana asitishwe kwamba anamvunjia baba yake heshima. Kudai haki kwa utaratibu si utovu wa adabu.

Nne, katika kujichunguza sisi wenyewe. Yuko muumini anayeketi benchi la mbele, ambaye jina lake husomwa kwanza katika orodha ya michango ya ujenzi wa kanisa, na mtoto wake yuko nyumbani kwa kukosa nauli ya shule. Tunamsifu kwa matofali na hatumwulizi habari za mtoto. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu aliwakemea waliotumia sadaka kuwa kisingizio cha kutowatunza wazazi wao. Je, angesema nini juu ya wanaoitumia kuwa kisingizio cha kutowatunza watoto wao? Tofali lililonunuliwa kwa fedha ya godoro la mtoto halilijengi kanisa.

Hitimisho

Ndugu zetu, ndoa yaweza kuvunjika, na hakimu aweza kuwatenganisha watu wawili. Hakuna hakimu awezaye kumtenganisha mzazi na uzazi wake. Siku binti au mwana anapotimiza miaka 18, sheria inamwambia mzazi: "Hadi hapa nimekushika mkono, kuanzia hapa nenda mwenyewe." Hiyo ndiyo siku ambayo mzazi anajulikana kama alikuwa akimtunza mtoto wake, au alikuwa akiitii amri tu.

Tunawaomba mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya wausome ujumbe huu pamoja na waamini, na wautafsiri kwa lugha za nyumbani pale inapohitajika. Na wewe mzazi uliye mbali, ambaye mwanao ametimiza miaka 18 mwaka huu, usingoje kuitwa na wazee wala na mahakama. Mpigie simu leo. Mwulize anahitaji nini ili amalize alichokianza.